Kuwinda sekunde za kijani: mwongozo kamili wa kuboresha mataa ya Mbeya kwa teknolojia janja

Saa moja na robo asubuhi, kwenye makutano mamoja ya barabara kuu ya kwenda Uyole. Lori lenye tela limesimama kwenye mwinuko, utingo ameshashuka na kipande cha gogo mkononi, tayari kulikinga tairi la nyuma. Nyuma yake kuna Coaster mbili zimejaa wanafunzi, bajaji zimejipenyeza kila upenyo, na gari la wagonjwa linalopiga king'ora bila pa kupita. Taa yao ni nyekundu. Barabara ya mtaa inayokatiza hapo ina kijani, na juu ya kijani hicho hakuna hata baiskeli. Nilihesabu: sekunde 25 za kijani zilipita hewani, hakuna aliyezitumia.

Sekunde zile ndizo tunazowinda kwenye mwongozo huu. Foleni ya Mbeya ina sababu nyingi: barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita katikati ya jiji, na mizigo ya Tunduma, ya Zambia na ya Kongo inapita mlemle wanamopita mama wa Mwanjelwa na mwanafunzi wa Iyunga. Taa haziwezi kuondoa yote hayo. Lakini kijani kinachopotea kinaweza kurudishwa, na sehemu kubwa yake inarudishwa kwa daftari na saa ya kuhesabia kabla ya kununua kamera hata moja. Nimeandika kwa ajili ya mhandisi wa halmashauri, fundi wa taa, diwani anayeulizwa maswali na wananchi, na mwanafunzi wa uhandisi anayetafuta kazi ya maana ya mradi wake.

Kwanza, jua makutano ni ya nani

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara. Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Halmashauri ya Jiji inagusa vituo vya daladala, maegesho na wafanyabiashara wa kando ya barabara. Askari wa usalama barabarani ndio wanaosimama pale mvua ikinyesha. Umeme ni wa TANESCO. Makutano mengi yanayotuumiza ni mahali ambapo barabara ya TANROADS inakutana na ya TARURA, kwa hiyo hakuna anayeweza kuyarekebisha peke yake. Waite wote mezani siku ya kwanza, na mwishoni mwa kikao pawe na jina la mtu mmoja mwenye jukumu la kubadilisha muda wa taa. Jina hilo likikosekana, usiendelee na hatua inayofuata, kwa maana vifaa vyote utakavyonunua vitakuwa yatima.

Hesabu, tena hesabu vizuri

Hapa ndipo kazi ilipo. Wengi huiruka wakikimbilia mashine, na ndiyo maana mashine nyingi huishia kuongoza foleni ileile.

Chagua siku tatu za kawaida, Jumanne mpaka Alhamisi, kisha ongeza siku moja ya pilikapilika za soko. Anza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ukiandika kila dakika 15. Kila upande wa makutano uwe na watu wawili: mmoja anahesabu wanaonyoosha, mwingine wanaokata kona. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanaifahamu kazi hii, na siku nne za hesabu zinawafundisha mambo ambayo darasani hayaonekani.

Usihesabu "magari" kwa jumla, kwa sababu vyombo havilingani. Badili kila chombo kiwe sawa na gari dogo. Viwango vya kuanzia vinaweza kuwa hivi: pikipiki 0.4, bajaji 0.6, gari dogo 1, Coaster 1.5, lori lenye tela 3. Kwenye mwinuko lori lipe zaidi ya hapo, kwa sababu linapoondoka kutoka kusimama linakula muda wa magari mengi. Asiyehesabu bajaji kwa Mbeya amehesabu jiji lingine.

Hesabu pia waliobaki. Ukiandika waliopita tu, umeandika uwezo wa taa, hukuandika mahitaji ya watu. Kila kijani kinapozimika, andika ni vyombo vingapi vilivyokuwa kwenye foleni vikashindwa kupita. Mimi alama zangu za urefu wa foleni nilipewa na mama mmoja anayeuza ndizi za kuchoma pale makutano. "Mwanangu, saa moja foleni iko kwenye ule mkaratusi. Saa moja na nusu imeshafika kwenye duka la rangi. Ikilivuka duka la rangi, ujue leo kuna lori limekufa mbele." Nilipima kwa hatua umbali wa mkaratusi na wa duka la rangi, na kuanzia hapo kila alipoitazama foleni nilipata namba.

Kisha pima kasi ya foleni kuondoka. Kijani kinapowaka, magari matatu ya mwanzo huchelewa: dereva anaachia breki, anatafuta gia. Anza saa yako gari la nne linapovuka mstari, isimamishe la kumi linapovuka, kisha gawa kwa sita. Tuseme la nne lilivuka sekunde ya 10 na la kumi sekunde ya 25. Sekunde 15 kwa magari sita ni 2.5 kila moja. Saa nzima ina sekunde 3,600, kwa hiyo njia hiyo ingeweza kupitisha magari 1,440 kwa saa kama kijani kingewaka muda wote. Kwenye barabara tambarare yenye magari madogo pekee utapata 1,800 au 1,900. Tofauti hiyo inatokana na mwinuko, malori, na daladala inayoshusha abiria mbele ya mstari. Rudia mizunguko kumi au zaidi, upate wastani. Mzunguko ni muda wa kutoka kijani kimoja hadi kijani kinachofuata cha upande uleule.

Mwisho wa hesabu, watembea kwa miguu. Andika wanaovuka, andika na wanaosita. Mtu akisubiri mizunguko miwili, wa tatu anavuka kwenye nyekundu, na hapo tatizo la foleni limegeuka la kifo.

Ukitumia video ya simu kuhesabu baadaye ofisini, iweke juu na mbali kiasi kwamba sura na namba za magari hazisomeki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu na kazi kama hii.

Ondoa vizuizi visivyohitaji umeme

Zungukia makutano kwa miguu. Je, kituo cha daladala kiko kabla ya taa? Kihamishie baada ya taa, ili Coaster ikisimama isizibe kijani cha walio nyuma. Kijiwe cha bajaji kiko kwenye kona? Kitafutieni nafasi ya kudumu mita 50 hivi kutoka hapo, mkikaa na madereva wenyewe, kwa maana wakifukuzwa bila mahali pa kwenda kesho wanarudi. Pakeni upya mstari wa kusimamia na pundamilia. Kateni tawi linaloficha taa. Nimeona makutano ambako tawi moja la mti lilimfanya dereva wa lori aione taa akiwa ameshaikaribia, na kila mtu pale alilaumu muda wa taa.

Panga muda kwa penseli

Mwaka 1958 mtafiti wa Uingereza, F. V. Webster, alitoa kanuni ambayo wahandisi wa taa wanaanza nayo hadi leo. Unahitaji vitu viwili tu. Cha kwanza ni muda unaopotea kila mzunguko: sekunde za kuanza kuondoka, za njano, na zile ambazo pande zote ni nyekundu. Cha pili ni jumla ya mizigo ya zamu zote (zamu ni kipindi cha kijani cha upande mmoja), yaani mahitaji ya kila upande yakigawanywa kwa uwezo wake.

Tuchukue makutano ya mfano yenye zamu mbili. Barabara kuu inaleta vyombo 504 kwa saa kwenye njia yenye uwezo wa 1,440: mzigo ni 0.35. Barabara ya mtaa inaleta 360 kwa uwezo uleule: 0.25. Jumla 0.60. Muda unaopotea ni sekunde 10. Kanuni inasema: zidisha 10 kwa 1.5, ongeza 5, unapata 20. Gawa kwa 1 kutoa 0.60, yaani 0.40. Jibu ni mzunguko wa sekunde 50. Toa zile 10 zinazopotea, zimebaki 40 za kijani. Zigawanye kwa uwiano wa mizigo: barabara kuu 23, mtaa 17.

Lakini subiri. Wakati mtaa una kijani, ndipo watembea kwa miguu wanavuka barabara kuu. Tuseme ina upana wa mita 14. Bibi mwenye mzigo wa mahindi kichwani anatembea mita moja kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 14, na kabla ya hapo sekunde 7 za kuona taa na kuanza. Jumla 21, nawe umempa 17. Hazitoshi. Basi mtaa upate 21, na ili uwiano ubaki, barabara kuu ipate 30. Ukiongeza 10 za kupotea, mzunguko ni sekunde 61.

Ukikuta makutano kama haya yana mzunguko wa sekunde 120, umeshaona kijani kinapopotelea: foleni inaisha, taa inaendelea kuwaka kwa barabara tupu, na upande wa pili watu wanazidi kurundikana. Kurekebisha namba hizi kwenye kabati la taa, lile sanduku lenye mtambo wa kuziongoza, kunachukua muda mfupi kuliko kikao cha kujadili zabuni.

Njano nayo ihesabiwe, hasa kwetu tunaoishi milimani. Gari dogo linalokwenda kilomita 50 kwa saa kwenye tambarare linahitaji njano ya sekunde 3.3 hivi: sekunde moja ya dereva kushtuka, nyingine za kupunguza mwendo. Kwenye mteremko wa asilimia 6, hitaji linafika 3.9. Lori lililosheheni, lenye breki zinazoshika taratibu, kwenye mteremko huohuo linahitaji karibu sekunde 6. Njano ya sekunde 3 iliyonakiliwa kutoka jiji la tambarare inamlazimisha dereva wa lori kuchagua kati ya kufunga breki kwa nguvu na kupita na nyekundu. Sisi ambao tumezika watu kwenye miteremko ya Iwambi na Mbalizi hatuna ruhusa ya kunakili njano ya mtu mwingine. Mahali penye mteremko mkali, punguza kwanza mwendo kwa alama na matuta ya tahadhari mbali kabla ya taa, na ongeza sekunde za nyekundu kwa pande zote.

Sasa chagua kiwango cha ujanja

Taa janja ni ngazi, na si lazima upande zote.

Ngazi ya chini ni ratiba kadhaa kwa siku: ya asubuhi, ya mchana, ya jioni, ya usiku, ya Jumapili. Kabati nyingi za kisasa zinaweza kufanya hivi tayari. Kwa maoni yangu nusu ya faida iko hapa.

Ngazi ya pili ni taa inayoona. Kihisi kinatambua kama upande una chombo. Unaweka kijani cha chini, mathalani sekunde 8, na cha juu, mathalani 35. Kati ya hapo, kila chombo kinachopita kinaongeza sekunde kama 3. Pengo likizidi, kijani kinahamia upande mwingine. Kwenye mwinuko wenye malori pengo liwe refu zaidi, la sivyo taa itadhani foleni imekwisha kumbe lori bado linavuta pumzi. Hii ndiyo tiba ya moja kwa moja ya kile kijani cha barabara tupu nilichokiona.

Kihisi gani? Waya unaozikwa chini ya lami ni wa kuaminika kwa magari makubwa, lakini malori yetu yanaichimba lami, na lami ikikwanguliwa waya unakwenda nayo. Pikipiki na bajaji pia unaweza kuzikosa. Kamera inaona kila chombo na inatusaidia kuhesabu, ila kuna asubuhi za baridi ukungu umelala Uyole hata taa ya mbele huioni vizuri. Kamera nayo haioni. Rada haijali ukungu, mvua wala giza. Kwa nyanda za juu kusini ningeweka rada kwenye barabara kuu, na kamera pale ninapohitaji kujua aina za vyombo. Kitufe cha mtembea kwa miguu kiwe imara, na kitoe mwanga kumjulisha mtu kuwa ombi lake limepokelewa.

Ngazi ya tatu ni mataa yanayozungumza. Makutano mawili yakiwa na umbali wa mita 600 na magari yakienda kilomita 40 kwa saa, gari linachukua sekunde 54 kufika ya pili. Basi kijani cha pili kiwake sekunde 54 baada ya cha kwanza, na makutano yote yawe na mzunguko sawa. Lori likipita mataa matatu bila kusimama limeokoa mafuta, breki na klachi, na walio nyuma yake hawalisubiri likijivuta upya mara tatu. Lakini wimbi hili la kijani linafaa upande mmoja zaidi ya mwingine: asubuhi lipe upande wenye foleni kubwa, jioni ligeuze.

Ngazi ya juu ni mfumo unaojipangia muda wenyewe. Jambo hili si geni: mfumo wa SCATS ulizaliwa Sydney, Australia, na wa SCOOT ulizaliwa Uingereza miaka ya 1970. Mwaka 2012 huko Pittsburgh, Marekani, mfumo wa Surtrac wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ulijaribiwa kwenye makutano 9, na muda wa safari ulipungua kwa takribani robo. Siku hizi akili mnemba inatumika pia: mradi wa Green Light wa Google unasoma mwendo wa magari kupitia ramani za simu, kisha unawapendekezea wahandisi wa jiji marekebisho ya muda bila kufunga kihisi barabarani. Kolkata na Rio de Janeiro ni kati ya miji iliyoutumia. Huku kwetu nashauri ngazi ya kwanza na ya pili zikae imara mwaka mzima kabla ya kufika hapa. Mfumo unaojifunza unahitaji vihisi vinavyofanya kazi kila siku. Vikifa viwili, unajifunza uongo.

Gari la wagonjwa linalokwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda linastahili mpango wake: kifaa ndani ya gari kinaiambia taa kwamba gari linakuja, taa inamaliza zamu kwa usalama, kisha inafungua njia. Hili liwekwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Jaribu kwenye kompyuta

SUMO ni programu ya bure ya kuigiza mwendo wa magari, iliyotengenezwa Ujerumani, na inachukua ramani ya barabara kutoka OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni. Ingiza hesabu zako, weka muda wa sasa, uone kama foleni ya kwenye skrini inafika kwenye mkaratusi kama ya kweli. Isipofika, rekebisha mwendo wa malori na bajaji mpaka ifanane. Ndipo ujaribu muda mpya.

Umeme, radi na mkataba

Mbeya kuna radi. Kabati lisilo na kinga ya radi na waya mzuri wa kwenda ardhini halimalizi masika. Taa za LED zinakula umeme kidogo sana kuliko balbu za zamani, kwa hiyo betri, au betri na sola, zinaweza kuzishikilia umeme ukikatika. Na umeme ukiisha kabisa, madereva wajue sheria ya makutano yasiyo na taa. Wafundishwe kabla halijatokea.

Kwenye mkataba andikeni mambo haya bila kuoneana haya: nywila zote ni za mamlaka, si za mkandarasi, takwimu ni zenu, mafundi wawili wa hapahapa wafundishwe mpaka waweze kubadili ratiba wenyewe, vipuri viwepo Mbeya, na hitilafu ishughulikiwe ndani ya saa zilizotajwa. Kuna makutano nilipita kila siku yakimulika njano wiki baada ya wiki kwa sababu aliyejua nywila alikuwa ameshahama kazi. Foleni ilirudi, na watu wakasema mataa hayafai.

Siku ya kuwasha

Usiwashe Jumatatu. Washa Jumapili, uone kwa utulivu. Tangulia kwenye redio za mkoa, kwenye vijiwe vya bajaji na bodaboda, na kwa makonda.

Kaa na trafiki mapema. Foleni inapokua, mkono wa askari huwa na huruma na upande mmoja: anauachia kwa dakika tatu, nne. Mwoneshe hesabu. Kwenye makutano yetu ya mfano, mzunguko wa sekunde 60 unapoteza sehemu 17 kwa kila 100. Wa sekunde 120 unapoteza 8. Ameokoa sehemu 9 tu, lakini kila mtu anasubiri mara mbili, na foleni ya pili imeshaziba makutano ya nyuma. Kubalianeni lini askari anachukua usukani: ajali, msafara, lori kuharibika. Zaidi ya hapo, taa iachwe ifanye kazi.

Pima tena, palepale

Baada ya wiki nne, rudi na daftari lilelile, saa zilezile, mstari uleule. Pima foleni, waliobaki, muda wa kusubiri kwa mtembea kwa miguu, na muda wa daladala kutoka Mbalizi hadi Uyole. Bandika matokeo mahali wananchi wanapoyaona, hata kama upande mmoja umepata hasara. Kisha rudia kila miezi sita, na kila soko linapohamishwa au shule mpya inapofunguliwa.

Na kuna jambo la kufanya mapema kuliko yote. Barabara kuu kati ya Nsalaga na Ifisi imo kwenye mradi wa kupanuliwa kuwa njia nne, kilomita 29. Kila makutano yanapochimbwa, laza mabomba mawili ya plastiki kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine, na shimo la ukaguzi kila mwisho, hata kama taa zitakuja miaka mitano baadaye. Bomba linalowekwa kabla ya lami ni kazi ya mchana mmoja. Likisahaulika, atakayekuja kufunga kihisi atakata lami mpya na kufunga njia mbili, na foleni ya siku hiyo itapita mkaratusi, itapita duka la rangi, na mama wa ndizi atakuwa anaitazama.